Kabla Fyekeo Halijafika

Jumatatu, tarehe 4

Nimeona inafaa nianze kuweka kumbukumbu hizi kwa utaratibu, kwa kuwa jambo linalonikabili halina shahidi mwingine ila mimi, na asiye na shahidi hana budi kuwa na maandishi.

Leo asubuhi nilikuwa nikipanga kalamu na karatasi mezani pangu, nje ya ofisi za mji, ambako kwa miaka mingi nimewaandikia wananchi barua za maombi na malalamiko. Karani wa ardhi alitoka akabandika tangazo ukutani, nyuma ya kichwa changu. Nililisoma kwa mazoea tu, ili niweze kuwaeleza watakaouliza. Linasema kwamba kiwanja cha watoto, kile cha makaburi kando ya barabara ya machimbo, kitachimbwa ili pajengwe tangi la maji. Wenye makaburi wafike waonyeshe mahali penyewe kabla ya tarehe 28, ili mabaki yahamishwe na kuzikwa upya kwa heshima. Makaburi yasiyotambuliwa yatakusanywa katika shimo moja.

Mtoto wetu yumo humo. Aliishi siku nne. Nilimzika mwenyewe, mke wangu akiwa bado kitandani hospitali, nikapakariri mahali: hatua chache kutoka kwenye mkaratusi mkubwa. Mkaratusi ulikwisha kukatwa, hata kisiki hakipo. Vibao vya namba vilikuwa vya mbao, na vile vilivyosalimika na mchwa viliokotwa kama kuni. Ofisi haina ramani.

Alama iliyobaki ni moja. Mke wangu alipopata nguvu alikwenda huko peke yake na mizizi ya ua la porini, ya mviringo kama vitunguu, akaifukia. Ni ua jekundu ambalo watu huliita taji la mvua. Baridi ikiondoka na mvua za kwanza za machipuko zikianguka, hujitokeza shina tupu lisilo na jani, juu yake duara jekundu kiasi cha ngumi. Baada ya siku chache hunyauka, ndipo majani huja. Kila mwaka wafyekaji wa mji hufika kabla halijachanua, na mimi hufika baada ya wafyekaji. Sijaliona hata mara moja.

Mke wangu sijamwambia. Alikwisha kulia machozi ya kumtosha mtu. Nitalitafuta kaburi, nitaliona, ndipo nimpelekee habari iliyokamilika.

Jumanne, tarehe 5

Mbingu nyeupe, kavu. Hakuna mvua.

Alhamisi, tarehe 7

Shemeji yangu, fundi baiskeli, kaka yake mke wangu, alipita mezani kunisalimu. Akalisoma tangazo akiwa amesimama, mikono imejaa grisi, kisha akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Dada anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia lini, shemeji? Au utamwandikia barua, nakala kwa mama mkwe?"

Nilimjibu kwamba taarifa isiyokamilika haipelekwi kwa mhusika.

"Mhusika!" alisema. "Mtu mnalala kitanda kimoja, mnagombania blanketi moja, leo kawa mhusika. Mficha maradhi, shemeji. Unajua mwisho wake."

Ni mtu mwepesi wa maneno, na maneno mepesi hupeperushwa na upepo. Hata hivyo nimerudi nyumbani nikashindwa kumtazama mke wangu usoni. Alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za wanafunzi, sindano midomoni. Hakuniuliza kitu. Nimezoea kuuhesabu ukimya wake kuwa ni kusahau.

Jumamosi, tarehe 9

Kwa kuwa mvua haijafika kiwanjani, nimeamua kutafuta mahali ambapo ua hilo huonekana mapema, ili nijue siku zake. Wiki nzima, kila niliyemaliza kumwandikia barua nilimuuliza: je, umewahi kuliona taji la mvua, na wapi? Mwuza maziwa alisema ni huko kwenye tuta la reli. Mwashi mmoja alisema ni machimboni, kwa sababu mawe hutunza joto na unyevu. Mjane mmoja, ambaye nilimwandikia kuhusu mpaka wa shamba, alinitazama kwa muda, akasema, "Mzee, una mchumba?"

Leo nilikwenda kwenye tuta la reli. Kulikuwa na maua, sikatai. Kulikuwa na ya manjano yaliyosambaa kwenye kokoto mithili ya vifungo vilivyomwagika, na mengine ya zambarau yaliyojificha chini ya nyasi kavu, na meupe madogo yasiyo na harufu. Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliyapita yote kama mtu anayepita katika umati akimtafuta mmoja, na kila uso usio wake unamchukiza.

Jumapili, tarehe 10

Machimboni. Mlinzi wa lango aliniuliza nimefuata nini. Nikamweleza kwa kirefu, kwa lugha iliyonyooka.

"Watu huja hapa kuiba kokoto," akasema. "Wewe unaniambia umekuja kuangalia ua?"

"Ndivyo."

"Haya ingia. Ila mifuko nitaikagua ukitoka, hata kama ni ya maua."

Katika ufa wa jiwe, upande unaopigwa na jua la mchana, niliiona ncha moja nyekundu ya taji la mvua imetokeza ardhini. Haikuwa imefumbuka. Nilipiga magoti nikaitazama hadi mlinzi akaja kuhakikisha kwamba sijaanguka. Udongo wa kiwanja cha watoto ni mfinyanzi, wenye baridi. Kama hapa ni leo, huko ni baada ya wiki moja au zaidi, iwapo mvua itanyesha. Muda bado upo. Ni mwembamba, ila upo.

Jumanne, tarehe 12

Imenyesha usiku kucha! Nilikwenda kiwanjani kabla ya kazi. Nyasi zinanifika kiunoni. Sikuona kitu, nikalowa hadi mapajani.

Mchana nilimuuliza karani wafyekaji watakwenda lini. Akasema tarehe 25, ili wachimbaji wakute pameshasafishwa. Yaani fyekeo litafika, kama kila mwaka, ua likiwa limesimama au linakaribia. Adui yangu hajawahi kuwa mchwa wala mkaratusi. Ni hao wanaofyeka bila kutazama.

Jioni niliketi nikaandika ombi. Sijapata kuandika jingine lenye ukamilifu kama hili. Nilifungua kwa salamu na kumtakia mkubwa wa ofisi afya njema. Nikaeleza historia ya kiwanja, jinsi kilivyosahauliwa, jinsi magugu yalivyowasonga wale waliolala humo, jinsi mzazi apitaye barabarani anavyogeuza uso kwa fedheha. Kisha, kwa mpito wa hatua kwa hatua, nikafikia ombi lenyewe: kwamba kiwanja kisifyekwe hadi tarehe 28, ili maua yaliyopandwa yachanue na makaburi yatambulike. Kurasa tatu. Nilizisoma kwa sauti ya chini jikoni, na sikupata neno la kuondoa.

Mke wangu aliuliza kutoka chumbani, "Unamwandikia nani?"

"Mteja," nilijibu.

Ijumaa, tarehe 15

Karani amenipa mkono. Amesema mkubwa ameguswa mno na barua yangu na ameagiza itekelezwe bila kuchelewa. Usiku huu nitalala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumamosi, tarehe 16

Msomaji, kama yupo, aniwie radhi kwa mwandiko wa leo.

Asubuhi nilikwenda kiwanjani nikiwa na furaha. Mvua ilikuwa imekatika, ardhi inatoa mvuke. Kabla sijafika kwenye kona nilisikia mlio ninaoujua, mlio wa chuma kikipita majanini: shwaa, shwaa. Nikakimbia. Mtu wa umri wangu hakimbii hovyo.

Walikuwa wanne, wamejipanga mstari, na wamekwisha kufyeka karibu kiwanja chote. Aliyekuwa mbele yao ni mwanamke mnene, sketi ameifunga magotini, mafyekeo mawili begani na la tatu mkononi. Watu wa ofisini humwita Mama Fyekeo. Nilisimama mbele ya chuma chake.

"Baba, ondoka, utakatwa miguu."

"Mama, mmeambiwa msifyeke."

"Nani kasema? Tumeambiwa tufyeke leo, tuache hata kazi ya sokoni. Bosi kasema kuna mzee kaleta barua, magugu yamewafunika watoto, wazazi wanaona aibu kupita. Kasema barua ilikuwa nzuri, nusura alie." Akaitazama kalamu iliyochomoza mfukoni mwangu. "Ni wewe?"

Nilimwambia kwamba ombi lenyewe lilikuwa kinyume chake. Lilikuwa ukurasa wa tatu.

Hakucheka, ingawa wenzake wawili waligeuka pembeni.

"Baba," alisema, "mtu akija kwangu kuomba chumvi haanzi na habari za bahari."

Nilikaa chini, kwenye majani mabichi yaliyokatwa. Nikamweleza habari za ua, safari hii kwa maneno machache, kwa kuwa pumzi ilikuwa imeniishia. Mtoto. Ua jekundu. Tarehe 28. Akashusha fyekeo.

"Mekundu? Yaliyofumba bado, kama kidole kilichochovya rangi?"

"Ndiyo."

"Nimeyapitia. Pale, na pale, na kule chini. Nilidhani ni magugu ya mvua." Akapiga kelele kwa wenzake, "Wekeni chini! Kazi imekwisha."

"Bado kipande cha mwisho, mama," mmoja alimkumbusha.

"Nimesema imekwisha. Kikiulizwa, mwambieni bosi Mama Fyekeo kaumwa mgongo."

Wakaondoka. Kilibaki kipande chembamba kisichofyekwa, upande wa bondeni. Nilitambaa kwenye sehemu iliyofyekwa nikatafuta mashina kwa vidole. Niliyaona. Moja karibu na barabara, lenye utomvu bado. Kundi jingine palipokuwa, nadhani, na mkaratusi. Jingine mbali kabisa. Jingine, na jingine. Ua hili ni la porini na hujiotea lenyewe popote. Jambo hili nililijua tangu zamani, ila sikuwahi kulifikiria. Ningeyakuta yote yamechanua, nisingejua lipi alipanda mwenye uchungu na lipi limepandwa na Mungu.

Kwa mikono yangu mwenyewe nimeliita fyekeo. Na hata lisingekuja, nisingefaulu.

Jumapili, tarehe 17

Sikutoka.

Jumatatu, tarehe 18

Sikwenda mezani. Niliketi kibarazani kwa shemeji yangu, kati ya magurudumu yasiyo na matairi. Alinisikiliza hadi mwisho bila mzaha, na hilo lilinitisha kuliko mzaha.

"Utamwambia nini sasa?"

"Kwamba atakuwa katika shimo la pamoja."

"Mwambie basi leo. Dada yangu si yai."

Nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimeyapanga maneno. Sikupata nafasi ya kuyatumia. Mke wangu alikuwa amekusanya nguo za kufua, na shati langu la Jumamosi lilikuwa mapajani mwake. Alikuwa akiusugua mkono wa shati mwishoni, karibu na kifungo, kwa kidole gumba. Palikuwa na doa la rangi ya kutu.

"Hili halitoki," alisema.

"Ni tope."

"Nashona nguo tangu nikiwa msichana. Tope nalijua." Akaliinua shati karibu na pua. "Huu ni utomvu wa taji la mvua. Uliniharibia gauni siku ile nilipokwenda kupanda. Umekwenda kwa mtoto?"

Nilimwambia yote. Tangazo, tarehe, machimbo, reli, barua, Mama Fyekeo, mashina yaliyotapakaa kila mahali. Nilizungumza kama mshitakiwa asiye na wakili. Alipokuwa akisikiliza aliendelea kulikunja na kulikunjua lile shati, hadi nikanyamaza.

"Umemwandikia mkubwa wa ofisi," alisema. "Umemuuliza mwuza maziwa. Umemuuliza mlinzi wa mawe. Mimi hukuniuliza."

"Sikutaka ulie tena."

"Nani alikuambia niliacha?"

Cherehani yake ndiyo niliyokuwa nikiisikia miaka yote, nikadhani ni kazi.

Baadaye akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza mshono, "Unatafuta moja. Sikupanda moja. Nilipanda matatu, kwa mstari."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilipofika, vibao vilikuwepo bado. Kulia kwake palikuwa na mtoto, kushoto mtoto. Makaburi mapya, hakuna nyayo hata moja. Nikarudi wiki iliyofuata, hakuna nyayo. Humpi mtoto wako tunda mbele ya watoto wa jirani wakakaa wanamtazama. Nikaipasua mizizi, nikampa kila mmoja fungu lake. Wa kwetu ni wa katikati. Kutoka ua hadi ua nilipima kwa mkono wangu, bega hadi vidole."

Jumanne, tarehe 19

Mvua kubwa, tangu alfajiri hadi jioni. Hakuna aliyeweza kutoka. Mke wangu ameshona sare zote za wateja, kisha akazifumua mbili na kuzishona upya.

Jumatano, tarehe 20

Tulikwenda watatu: mke wangu, shemeji yangu na mimi. Mke wangu hakutazama huku na huko kama nilivyofanya. Alivua viatu. Alianza upande wa barabara, akapiga magoti, akawa anaupapasa udongo kwa vidole kama anavyotafuta pini iliyoanguka kwenye zulia. Akikuta shina lililokatwa, alinyoosha mkono wake kulia, kisha kushoto. Akikosa, alisogea. Shemeji yangu alichomeka spoku ya baiskeli kila alipokuta shina, ili tusirudie. Mvua ya rasharasha ilitunyeshea migongoni.

Saa zilipita. Spoku zilikwisha. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, na nakiri kwamba nilikuwa nikitunga moyoni namna ya kumfariji, sentensi baada ya sentensi, zote ndefu, zote bure.

Tukafika ukingoni, pale fyekeo lilipokomea. Mke wangu alikuta shina. Akanyoosha mkono kuelekea bondeni, vidole vikagusa jingine, limekatwa vilevile. Akatulia. Akainuka, akasogea hadi kwenye lile la pili, akapiga magoti tena, akanyoosha mkono kwa mara nyingine, na mkono ukaingia ndani ya nyasi ndefu za kile kipande kilichoachwa. Akazitenga.

Lilikuwa limesimama. Jekundu, limefumbuka lote, na matone juu yake.

"Hili si letu," alisema. "Hili ni la jirani." Kisha akaweka kiganja chake juu ya shina lililokatwa, la katikati, akakiacha hapo.

Shemeji yangu aligeuka akaenda kuzing'oa spoku zake zote, moja baada ya nyingine, huku akizikaripia.

Alhamisi, tarehe 21

Mke wangu alikaa nami mezani, upande wa wateja. Nilichukua karatasi nikaanza na salamu. Akaweka kidole juu ya kalamu.

"Chumvi," alisema, kwa kuwa maneno ya Mama Fyekeo nilikuwa nimemsimulia.

Nikaandika kama alivyonitajia: *Tumewatambua watoto wetu watatu, waliolala mstari mmoja upande wa bondeni, na tunaomba wahamishwe pamoja.* Mkono wangu ulisita kwenye neno la tatu, *wetu*. Katika miaka yote ya kazi hii sijaandika jambo nisiloweza kulithibitisha. Niliandika.

Karani aliigeuza karatasi nyuma kutafuta kurasa nyingine.

"Mzee, unaumwa? Mstari mmoja tu?" Akasoma. "Watatu? Cheti chenu hapa ni cha mtoto mmoja."

"Wawili ni wa ubavuni kwake," alisema mke wangu.

"Mama, utaratibu unasema aje mzazi."

"Waite, basi. Simama hapo mlangoni uwaite wazazi wao. Wakija nitawapisha."

Karani alitazama mlango. Baraza lilikuwa tupu, isipokuwa mwavuli wa mtu uliokuwa ukichuruzika maji. Akanitazama mimi, kana kwamba ninayo sentensi ya kumtoa alipo. Mke wangu alisimama pale pale, mkoba ameukumbatia, na ilionekana wazi kwamba angesimama hadi ofisi ifungwe na hadi ifunguliwe.

Akachukua muhuri.

Alhamisi, tarehe 28

Wamezikwa leo katika makaburi ya mlimani, mstari mmoja, mpango uleule. Masanduku yalikuwa madogo na yanafanana. Shemeji yangu alibeba moja, mke wangu moja, nami moja. Sikuuliza nani amembeba nani.

Mama Fyekeo alikuja bila fyekeo, amevaa viatu. Alileta mizizi iliyong'olewa na wachimbaji, imefungwa kwenye mfuko wa unga, na udongo wake.

Jumapili, tarehe 31

Mke wangu aliuliza iwapo yale ya machimboni yangalipo. Tulikwenda. Mlinzi alisema, "Leo umemleta shahidi," akatupisha bila kukagua mifuko. Maua yalikuwa yamesinyaa, majani ndiyo kwanza yanatokeza. Alitazama kwa muda, akasema hayajambo.

"Wapi pengine ulipokwenda?"

Nikamtajia tuta la reli. Ni mbali kidogo, na miguu yake inauma akikaa sana kwenye cherehani, lakini alitaka twende. Yale ya manjano yalikuwepo bado, na ya zambarau yalikuwa yamezidi, hayajifichi tena. Alichuma moja akalitazama upande wa chini, mahali petali zinaposhikana, kama anayekagua mshono wa fundi mwenzake.

"Yote haya ulikuja kuyaona peke yako?"

Nilimjibu kwamba ndivyo.

"Usirudie," alisema.